Maji Yaliyokataa Kupanda Kilima cha Kiti

Paukwa!

Pakawa!

Ninyi mlioketi nyuma kabisa, kule mlangoni, mnanisikia?

Tunakusikia!

Vema. Nimewauliza ninyi kwanza, na sababu yake mtaiona.

Hapo zamani za kale palikuwa na nchi kavu. Juu yake ulisimama mlima, na mlima huo uliitwa Mkongea. Katikati palikuwa na kilima kimoja peke yake, kimeinuka kama nundu ya ng'ombe. Hicho kiliitwa Kilima cha Kiti, kwa sababu kileleni palikuwa na jiwe bapa, na juu ya jiwe aliketi Mzee Simba. Chini kabisa, pale nchi ilipokwisha na mchanga ulipoanza, paliitwa Vumbini.

Hapo Vumbini alikaa Bi Kanga. Nasema kanga, ndege mwenye madoa meupe, si kanga ya kujifunga. Mama yake alimpa jina la Tunu. Lakini wote walimwita Bi Kanga, nasi tumwite hivyo.

Nchi nzima ilikunywa maji ya mto mmoja, mto Luwesi. Kutoka Vumbini mpaka Luwesi ni kwenda tangu alfajiri hata jua la utosini. Ndovu alikwenda na kurudi. Pundamilia alikwenda na kurudi. Kifaranga cha kanga, je? Mguu wake ni kama kijiti cha kuchokolea meno.

Mwaka wa nyuma Bi Kanga alitotoa vifaranga kumi na vinne. Akavipanga nyuma yake, akavitia njiani. Twende, wanangu. Tii, tii, tii. Alitoka na kumi na vinne. Alifika mtoni na vitatu. Aliporudi Vumbini, aligeuka nyuma kuvihesabu, hakuona kitu. Aliona mchanga, na nyayo zake mwenyewe.

Katika kiota palibaki nusu ya ganda la yai. Ganda la yai la kanga ni gumu, halivunjiki ovyo kama la kuku. Bi Kanga hakulitupa. Kila alfajiri alilitega chini ya jani, umande ukadondoka ndani, to, to, to, naye akanywa.

Mwaka huu alitaga tena, mayai kumi na moja. Na kanga huatamia siku ishirini na saba. Mwishike hesabu hiyo. Siku ishirini na saba, na baada yake kifaranga anataka maji.

Siku aliyoanza kuatamia, mbiu ililia. Pu! Pu! Pu! Mpiga mbiu alikuwa Nyani, msemaji wa Mzee Simba. Wanyama wote wakakusanyika.

Akasimama Ndovu. Ndovu ndiye tembo huyo huyo, lakini nikisema tembo, wazee walioketi pale kando watadhani nataja kinywaji. Ndovu akasema, "Jamani, nimepanda Mkongea. Nimetia mkonga wangu katika ufa wa mwamba. Kuna chemchemi. Maji yanatoka, yanazama, yanapotea bure. Tuchimbe mfereji. Tuyashushe."

"Tuyashushe!" wakaitika wote.

"Kazi ni ya msaragambo. Kila mmoja achimbe kipande chake. Mwenye pembe, kwa pembe. Mwenye kwato, kwa kwato."

"Na mwenye meno?" akauliza Ngiri. Ngiri ni yule nguruwe mwitu mwenye chunusi usoni na mkia unaosimama wima anapokimbia. Alikuwa jirani wa Bi Kanga.

"Wewe chimba kwa uso," akasema Ndovu. "Hauwezi kuharibika zaidi."

Wakacheka. Ngiri naye akacheka, kwa maana alikuwa mtu wa watu.

Hapo Nyani akainua fimbo. "Kimya! Mmesahau jambo. Katika nchi hii, hakuna kinachopita bila kupita kwa Mzee Simba kwanza. Asali ya kwanza hupita kwake. Habari ya msiba hupita kwake, hata kabla ya wafiwa. Je, maji yawe nani? Mfereji utatoka Mkongea, utapanda Kilima cha Kiti, utapita mbele ya jiwe la Mzee, ndipo ushuke kwa wengine."

"Ndiyo, ndiyo," wakasema. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao, na hapakuwa na aliyeiona vibaya.

Bi Kanga akanyoosha shingo. "Samahani, Bwana Nyani. Kile kilima si kinapanda?"

"Kinapanda kwako wewe, mwenye miguu ya vijiti."

"Ha, ha, ha!" Wanyama walicheka mpaka vumbi likaruka. Bi Kanga akarudi kwenye mayai yake, akajikunja.

Basi wakachimba. Ndovu, ndi! ndi! ndi! Nyati, gubu! gubu! Ngiri akapiga magoti, kwa sababu ngiri huchimba kwa magoti, chaka-chaka, chaka-chaka. Na wakaimba:

Maji, njoo, njia ipo,
Tumekuchimbia sisi!
Maji, njoo, Mzee yupo,
Anakungoja kitini!

Siku kumi na tano walichimba. Siku ya kumi na sita Ndovu akapanda hadi kwenye banio, yaani pale maji yanapofungwa na kufunguliwa. Akaondoa jiwe. Maji yakatoka, chururu! Yakashuka Mkongea yakikimbia kama watoto waliotoka darasani. Yakaingia bondeni. Yakafika chini ya Kilima cha Kiti.

Yakasimama.

Wanyama wakangoja. Maji yakazunguka pale pale, polepole, yakiviringisha majani makavu.

Nyani akashuka mbio. "Pandeni!" akayaambia. "Mnajua nani yuko juu? Ni Simba, mwana wa Ngurumo, mjukuu wa Kucha Ndefu, mwenye nchi tangu Mkongea mpaka Luwesi!" Akayataja majina yote ya sifa, moja moja, bila kuruka. Maji yakazunguka.

"Ni jeuri hii," akasema Nyani. "Yachapeni!"

Wakayachapa. Chapwa! Chapwa! Maji yakaruka, yakawalowesha, yakarudi chini.

Ndovu akayavuta kwa mkonga, akayamwaga juu ya mteremko, bwaa! Yakashuka tena, taratibu, hayakuwa na haraka. Wakazidi kuinua kingo. Kingo zikajaa, zikavimba, zikapasuka, pwaa! Maji yakamwagika mchangani, na mchanga ukayanywa kama haukuwahi kunywa tangu uumbwe. Likabaki dimbwi moja la tope.

Ndovu akaenda kulifunga banio. "Mimi sijawahi kuona," akasema. "Maji hayataki."

Wakaondoka, mmoja mmoja, vichwa chini. Walianza kulaumiana njiani. Nyati alisema Ngiri kachimba kombo. Ngiri alisema Nyati kachimba akiwa amelala.

Bi Kanga alikuwa akiatamia. Aliposikia, moyo wake ulishuka mpaka kwenye mayai. Siku kumi na sita zimekwisha. Zimebaki kumi na moja. Akaiona tena ile njia ya Luwesi, na mchanga wenye nyayo za mmoja.

Asubuhi akainama kunywa umande katika ganda lake. Ganda lilikuwa limeegemea kidogo. Maji ya ndani yalikuwa yamekusanyika upande mmoja. Akaligeuza ganda, maji yakateleza ndani yake. Akaligeuza tena. Maji yakarudi upande ule ule wa nchi, ule ulioinama. Bi Kanga akasimama na mguu mmoja hewani.

"Kumbe hayakatai," akasema peke yake. "Yanasema."

Saa sita mchana, mchanga ulipokuwa moto kama kifua cha mama, akayafunika mayai kwa majani, akachukua ganda mdomoni, akaenda mbio mpaka kwenye dimbwi la tope chini ya Kilima cha Kiti. Akalijaza. Akaliweka chini. Maji yakaegemea mashariki. Akapiga hatua mashariki. Akajing'oa unyoya mmoja wenye madoa, akauchomeka pale. Akaliweka tena ganda. Maji yakaegemea, kidogo sana, kama mtu anayeinamisha sikio. Akapiga hatua. Unyoya wa pili.

Hivyo ndivyo alivyofanya. Ganda, hatua, unyoya. Ganda, hatua, unyoya. Jua likianza kulegea, mbio kwenye mayai.

Siku ya tatu Ngiri alimkuta.

"Jirani! Umepatwa na nini? Unanyonyoka kama kuku wa sikukuu."

Bi Kanga akatua ganda. "Naandika njia."

"Njia ya nani?"

"Ya maji. Yenyewe yananionyesha. Tazama."

Ngiri akapiga magoti, akaweka jicho lake karibu na ganda. Akatazama. Akaligeuza kwa pua. Akatazama tena. Chunusi zake zote zikatulia.

"Jirani," akasema polepole, "mimi nimechimba ardhi maisha yangu yote. Sikujua kwamba inasema."

"Nami nimejua juzi tu."

"Lakini njia hii inakizunguka kilima. Haipandi kwa Mzee."

"Haipandi."

"Nyani atatutafuna bila chumvi."

"Mayai yangu yamebakiwa na siku nane, Bwana Ngiri. Kama Nyani ana njaa, na aanze na mimi."

Ngiri akakuna sikio. Akaitazama safu ya manyoya, imesimama katika mchanga kama mstari wa mwandiko mzuri. Kisha akageuka, akapiga magoti penye unyoya wa kwanza. Chaka-chaka. Chaka-chaka. Kanga mbele, ngiri nyuma.

Siku ya ishirini na tano Nyani aliwaona kutoka juu. Wakaitwa Kilima cha Kiti, na wanyama wote wakaja kusikia hukumu. Bi Kanga alipanda na ganda lake mdomoni, na maji ndani, bila kumwaga tone. Ubavu mmoja ulikuwa hauna manyoya kabisa.

Mzee Simba alikuwa ameketi juu ya jiwe bapa. Sauti yake ilikuwa ya chini, na kwa sababu hiyo wakaogopa zaidi.

"Bi Kanga. Nasikia umechora njia."

"Nimechora, Mzee."

"Inapita hapa kwangu?"

"Haipiti, Mzee. Inapita chini kule, miguuni pa kilima."

"Nani kakupa ruhusa ya kunizunguka?"

"Si mimi ninayekuzunguka, Mzee. Ni maji."

"Umesikia jeuri hiyo?" akapayuka Nyani.

Bi Kanga akaliweka ganda juu ya jiwe, mbele ya makucha ya Mzee Simba. Jiwe lilikuwa limeinama kidogo kuelekea bondeni. Maji yakamwacha Simba, yakaenda upande wa pili.

"Ligeuze," akasema Simba.

Akaligeuza. Maji yakaenda upande ule ule.

Mzee Simba akainua ukucha mmoja, akaligeuza mwenyewe. Polepole. Maji yakateleza ndani ya ganda, yakarudi upande ule ule. Akainama mpaka sharubu zikakaribia kugusa. Akafungua kinywa chake, akanguruma. Ghruuuu! Mlima Mkongea ukaitika. Pundamilia wakaanguka chini. Maji ndani ya ganda yakatetemeka, vijiduara vidogo, vijiduara vidogo.

Kisha yakatulia. Upande ule ule.

Mzee Simba alikuwa ameona wengi wakitetemeka mbele yake. Hakuwa ameona kitu kikitetemeka, kisha kikabaki pale pale.

"Kumbe kuna kitu katika nchi hii kisichonijua," akasema.

"Kinakujua, Mzee," akasema Bi Kanga. "Lakini kinamjua na konokono vile vile."

"Na kinatafuta nini?"

"Kinamtafuta aliye chini kabisa."

"Ni nani huyo?"

"Ni mayai yangu, Mzee. Yamebakiwa na siku mbili."

Mzee Simba akatazama Vumbini. Tangu aketi kitini alikuwa akitazama mbali kuliko Vumbini. Siku hiyo alipatazama. Kisha akauliza kwa upole, "Na mimi nitakunywa wapi?"

"Miguuni pa kilima. Ni hatua arobaini, Mzee. Nimezihesabu."

"Mzee ashuke?" akasema Nyani. "Mzee ayafuate maji kama pun—"

"Nyani," akasema Simba, "chukua jembe."

Siku mbili wakachimba, nchi nzima. Hapakuwa na wimbo. Walifuata manyoya ya kanga, unyoya kwa unyoya, na hakuna aliyethubutu kuhamisha hata mmoja. Hata Ndovu alipofika penye unyoya aliuinua kwa ncha ya mkonga, akampa Ngiri aushike, kama mtu apokeavyo kitu cha msikitini. Naye Bi Kanga hakuwepo. Alikuwa Vumbini, juu ya mayai. Alikuwa amesikia ndani ya yai moja, ko, ko. Kisha kimya. Kisha ko.

Siku ya ishirini na saba Ndovu alilifungua banio.

Maji yakashuka Mkongea. Yakaingia bondeni. Yakafika chini ya Kilima cha Kiti, na wanyama wote walikuwa wamejipanga pale, hawapumui. Maji yakazunguka mara moja, kama mtu anayekumbuka. Kisha yakapinda. Yakaingia njia ya manyoya.

Hayakukimbia. Ulimi wa maji ulikuja na ngozi ya vumbi juu yake, umebeba majani, umebeba sisimizi mmoja juu ya kijiti. Ulifika penye ufa, ukaujaza, ukangoja, ukaendelea. Mchanga ulikuwa ukilia, sss, sss. Kukawa na harufu kama ya mvua ya kwanza, na kila mnyama aliijua, na hakuna aliyeitaja. Wakatembea kando yake hatua kwa hatua. Nyati alitembea kwa ncha za kwato. Ndovu aliushika mguu wake hewani mpaka maji yapite, ndipo akaushusha.

Mzee Simba alishuka hatua arobaini. Akasimama penye ukingo. Wote wakasimama, kwa sababu wa kwanza kunywa ni Mzee. Akainama. Maji yakapita chini ya kidevu chake. Alijiona ndani yake, kichwa chini, miguu juu.

Akainua kichwa bila kunywa.

"Nikinywa sasa," akasema, "nitajua maji yamefika kwangu. Sitajua kama yamefika." Akageuka, akafuata maji kwenda chini. Wote wakamfuata.

Walipokaribia Vumbini jua lilikuwa bado juu. Bi Kanga aliuona msafara: Simba mbele, Ndovu nyuma, na katikati yao kitu kidogo kinachong'aa, kinakuja chenyewe. Hakupiga kelele. Kanga ni ndege wa kelele, mnajua, lakini siku hiyo sauti ilimkataa. Alisimama tu juu ya kiota, ubavu mmoja wazi. Chini yake mayai yalikuwa yanapasuka. Ko! Kra!

Maji yakafika kwenye unyoya wa mwisho. Yakauzunguka. Yakaingia katika kishimo kidogo mbele ya kiota, yakasimama. Yamefika.

Kifaranga cha kwanza kilitoka kimelowana, kikayumba, kikaanguka, kikainuka. Kikatia mdomo majini. Kikainua kichwa juu, kama wafanyavyo vifaranga wote, kana kwamba kinamwonyesha Mungu. Kikameza.

Simba, Ndovu, Nyati, Pundamilia, Ngiri na Nyani, wote walikuwa wamesimama wakitazama koo moja dogo likishuka na kupanda. Nyani ndiye aliyelia machozi. Alisema ni vumbi.

Vifaranga tisa vilitoka. Mayai mawili hayakufunguka. Pengine ni zile saa za mchana alizoyaacha. Bi Kanga aliyafukia mwenyewe, kando ya maji, na Ngiri alimsaidia kuchimba, kwa magoti.

Kisha wakanywa. Alikunywa Bi Kanga. Alikunywa Ngiri, jirani yake. Wakapanda na mfereji juu, kila mmoja akinywa penye kipande chake, mpaka miguuni pa Kilima cha Kiti. Hapo akanywa Mzee Simba, wa mwisho, naye akanywa sana.

Tangu siku hiyo desturi ya nchi ile iligeuka. Mfereji ukitengenezwa, ukaguzi huanzia Vumbini. Maji yakifunguliwa, Ndovu hangoji mbiu kutoka kilimani. Hungoja sauti ya kanga kutoka chini. Kecheche! Kecheche! Ndipo husema, "Yamefika," na wengine wainame wanywe. Na juu ya lile jiwe bapa, hadi leo, limekaa nusu ya ganda la yai, lina maji kidogo. Mzee Simba hulitazama kabla ya kusema neno.

Na mafundisho yake, wanangu, na ninyi watu wazima, ni haya. Mnapochimba mfereji, mnapokata barabara, mnapojenga zahanati au shule, msipime kwa mlango wa mkubwa. Nendeni kwa aliye mbali kabisa, mkamwulize yeye. Akisema imefika, imefika kwa wote. Akisema bado, kazi haijakwisha, hata kama mkubwa ameshakunywa.

Ninyi wa nyuma, kule mlangoni, imewafikia?

Imetufikia!

Basi imefika. Hadithi yangu nami naifunga hapo hapo, penye unyoya wa mwisho.